Ukuta Uliokula Misumari

Kupima nyumba ni kazi ya watu wawili. Hilo ndilo jambo la kwanza tulilofundishwa nilipoanza shahada ya uzamili ya majengo ya kale, kabla hata ya kuambiwa jengo la kale ni lipi. Mmoja anashika pete ya tepu na kuibana kwenye pembe ya ukuta. Mwenzake anaenda na tepu hadi pembe ya pili, anaivuta inyooke, anasoma namba kwa sauti, na yule wa kwanza anairudia ili wote wawe na hakika. Mhadhiri akatuambia tutafute wenzi. Darasa letu lilikuwa dogo na hesabu yetu haikugawanyika kwa mbili. Watu wakatazamana, wakacheka, wakahamisha viti, na kelele zilipotulia mimi nilikuwa pale pale na tepu yangu mapajani. Mhadhiri akasema nijiunge na kundi lolote. Nikasema sawa, na sikujiunga na lolote.

Mimi ni mtu wa kununa kimya kimya. Sigombani, najitenga tu, halafu nakasirika kwamba hakuna aliyeniita. Basi nilijifunza kupima peke yangu. Kwenye majengo ya mawe si shida sana: unaning'iniza pete kwenye komeo la dirisha au unailaza chini na kuikandamiza kwa tofali. Wenzangu walichagua makanisa, stesheni na nyumba za walowezi zenye mabomba ya moshi. Jumamosi walienda kupima wawili wawili, na Jumatatu walirudi na vichekesho ambavyo huwezi kuvielewa kama hukuwepo. Niliandika niliyoandika na kula chakula changu nikitazama dirishani.

Nilikuwa nakaa Kawangware, upande unaoelekea Satellite, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Wapangaji wa jengo lile tulijuana kwa nguo. Nilijua shuka za nani ni zipi kwenye kamba za kuanikia, lakini wenyewe ningepishana nao ngazini nisijue nampisha nani. Kuna wikendi nilifungua mdomo mara moja tu, kumwambia mama mboga anikatie sukuma wiki nyembamba. Hakuna aliyekuwa ameniambia kuwa mtu anaweza kukaa katikati ya umati kama ule akawa mpweke hadi akaanza kuijibu redio. Mimi niliijibu, na mara nyingine nilibishana nayo.

Ilipofika zamu ya kuchagua jengo la tasnifu, nilichagua ploti ya udongo kule Kibera.

Ilikuwa safu ya vyumba vya fito na udongo chini ya paa moja la mabati, milango yote ikitazama uchochoro mmoja, si mbali na Soweto East ambako serikali ilijenga maghorofa. Katika chumba cha mwisho cha safu ile ndimo nilimolelewa na mama yangu, tukiwa wawili tu. Mama alitoka Magharibi akaja kuuza nguo za watoto za mitumba Soko la Toi. Kwao nyumba hukandikwa upya kila Desemba, na Krismasi ikikukuta na ukuta wenye nyufa ni aibu kwako mwenye nyumba. Mama alikuja na desturi hiyo mpaka Nairobi, akaifanya kwenye nyumba ya mtu. Majirani walimcheka sana, wakamuuliza kama landilodi atampunguzia kodi. Yeye alitafuta udongo mwekundu, akaukanda kwa miguu pale uchochoroni, sketi ameipandisha magotini, kisha akaupaka kwa viganja kwenye ukuta wa kitandani, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Kazi yangu ilikuwa kumletea maji. Chumba kilinuka mvua siku kadhaa, kikakauka, na ndipo kwetu ikawa Krismasi.

Mama alifariki nikiwa namaliza shahada ya kwanza. Tulimzika kwao, nikarudi, nikatoa vitu vyetu chumbani asubuhi moja na kumkabidhi landilodi ufunguo. Sikukanyaga tena pale. Hata nilipokuwa na shida ya kwenda Toi nilizungukia barabarani, nisiione ile njia ya kuteremkia kwetu. Halafu nikasikia kuwa barabara mpya itapita juu ya ile safu, na kwamba milango imepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Nilijua siku hiyo hiyo ninachotaka. Nilitaka kuingia katika kile chumba kabla hakijabomolewa, nikipime, nikichore. Mama hakupenda kupigwa picha akiwa nyumbani, kwa hiyo sikuwa na picha hata moja ya ndani. Kama kingeanguka bila mchoro, kingebaki kichwani mwangu tu, na kichwa changu nakijua, kinapoteza vitu.

Msimamizi wangu hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akaniuliza nani aliijenga ile ploti, mwaka gani, na kama ramani zake zipo mahali. Nikamjibu kuwa hakuna anayejua na hakuna ramani. Akafikiri, akasema basi niandike sura zangu kuhusu majengo yenye kumbukumbu, na hiyo ploti niiweke mwisho kama kiambatisho. Nilimshukuru. Nilipofika kwenye ngazi ndipo hasira zikanipanda, kwa sababu nyumba ya mlowezi tunaipima hadi bawaba za geti, na mahali mama yangu alipoishi maisha yake yote ya mjini ni kiambatisho. Lakini sikuwa nimemwambia kwamba palikuwa kwetu, basi angejuaje.

Kulikuwa na tatizo jingine. Chumba cha udongo hakina pembe mraba hata moja. Ukipima kuta zake nne tu, utachora sanduku zuri lisilofanana nacho. Lazima upime na mshazari, kutoka pembe hii hadi ile ya mkabala, juu ya kitanda na juu ya vyombo vya watu, na huko hakuna komeo la kuning'iniza pete wala nafasi ya tofali. Ukipigilia msumari, udongo unamomonyoka na msumari unatoka. Kile chumba nilichokitaka kuliko vyote ndicho kisichopimika na mtu mmoja. Nilikwenda hivyo hivyo.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Safari hii sikuzunguka. Nilipita katikati ya Toi, nikateremka ile njia, na miguu yangu ikakumbuka mahali pa kuruka mtaro kabla sijautazama. Milango ya ploti yetu ilikuwa na zile alama nyekundu kweli. Nilianza na ukuta wa nje, nikaweka pete chini, nikaikandamiza kwa jiwe. Kila nilipoivuta tepu, jiwe lilikuja nayo. Wanawake waliokuwa wakifua waliniangalia kwa muda, kisha mmoja akanyanyuka na povu mikononi.

"Sasa siz. Unapima nini?"

"Poa. Napima hizi nyumba. Mimi ni mwanafunzi."

Akanikagua kuanzia viatu hadi miwani. "Mwanafunzi na ukubwa yote hiyo? Kwani masomo yako haiishangi?"

"Iko karibu kuisha."

"Na barabara inakuja lini?"

"Sijui, mama. Mimi si wa barabara."

"Amesema si wa barabara," akawatangazia wenzake, na nikamwona akiwakonyeza. "Basi huyu ni wa maghorofa."

Sikuelewa mara moja uzito wa neno hilo, ingawa nilikulia pale na nilipaswa kuelewa. Katika sehemu ile wanaokuja na tepu ni wa aina mbili. Wa kubomoa huja na rangi na polisi. Wa maghorofa huja kwa adabu, wamevaa miwani, wanaandika na hawasemi mengi, na watu wanaamini kuwa aliyepimwa chumba chake amehesabiwa, na aliyehesabiwa siku moja atapewa ufunguo. Mimi nilikuwa nimekuja kwa adabu, na miwani yangu. Nilirudia kuwa ni mwanafunzi. Mmoja akanisogelea, akateremsha sauti.

"Hatutasema, usijali. Tunajua huwa mnakatazwa."

Nilifikiri ni mzaha, nikacheka, na kicheko changu ndicho kilichowahakikishia.

Nilichoona mimi ni kwamba ghafla kila mtu alitaka kunishikia tepu. Waligombania ile pete. Mmoja aliibana pembeni kwa vidole viwili na kupaza sauti, "Soma!" Mimi nikasoma, naye akairudia namba yangu, na uchochoro mzima ukairudia baada yake. Tulipima ukuta wa nje wote, tukaingia chumba cha kwanza, cha pili, tukaendelea. Walisogeza meza, wakainua mitungi ya gesi. Nililetewa chai ya maziwa na mkate uliopakwa siagi nene. Nilifurahi, na sijui niliseme vipi bila kuonekana mjinga: nilifurahi mpaka mashavu yakaniuma. Tangu nianze masomo yale hakuna mtu aliyekuwa amerudia namba yangu.

Kwenye chumba cha karibu na mwisho nikakuta mama mmoja ametandika godoro la pili sakafuni, na viatu vya kiume vimepangwa mlangoni kwa uangalifu.

"Andika na dadangu," akaniambia. "Yuko kazini lakini analalanga hapa. Na bwanake. Hao ni nyumba mbili, si moja."

Nikawatazama wote, walivyojipanga mlangoni na nyuso za watu wanaosubiri kitu, na hapo ndipo nilipoelewa tulichokuwa tukifanya asubuhi ile yote.

Nikatoka nje. Mlango uliofuata ulikuwa wetu. Mpangaji wake, mwanamke mrefu kutoka upande wa ziwa, aliyeuza dagaa wa omena barabarani, alikuwa ameshafunga pazia la mlangoni fundo na kuinua mabeseni kutoka sakafuni ili nipite. Juu ya bega lake niliona ncha ya kitanda. Kilikuwa palepale kilipokuwa chetu, kwa sababu kwenye kile chumba kitanda hakina mahali pengine pa kukaa. Ningeweza kuingia. Mikono ya kunishikia tepu ilikuwa tele, kazi ingeisha kabla chai haijapoa, na ningekuwa nimekipata nilichokijia. Nikisema ukweli sasa, mlango ungefungwa, na hakuna aliyejua tingatinga lingefika lini. Nilisimama na kikombe mkononi na nilitamani sana kunyamaza.

"Mama zangu, nisikizeni," nikasema. "Mimi si wa maghorofa. Sina fomu, sina ufunguo, siwezi kuandikisha mtu yeyote. Ni mwanafunzi wa ukweli. Nachora nyumba kabla zibomolewe, basi."

Walidhani natania. Kisha wakaona uso wangu.

"Na sasa hiyo mchoro itatupeleka wapi?" akauliza yule wa povu.

"Haiwapeleki mahali."

Hakuna aliyenitukana. Yule aliyeniletea chai alikuja akakitoa kikombe mkononi mwangu taratibu, akamwaga kilichobaki mtaroni, akaingia kwake. Mwenye godoro alirudi kulikunja. Mmoja mmoja wakaenda, na pete ya tepu ikabaki imelala kwenye tope mahali mtu alipoiachia. Nikainama nikaanza kuizungusha tepu, nikiifuta kwa kitambaa, polepole, ili nisilazimike kuinua kichwa. Muuza omena alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Si ungemaliza kwanza ndio useme?" akaniuliza.

"Sikutaka kuingia hii na uongo."

"Hii? Na zile zingine umeingia na nini?"

Nilistahili hilo. "Hii ni yetu," nikasema. "Nililelewa hapa ndani. Mama yangu alikuwa anauza Toi. Alishafariki."

Akageuka, akatazama ndani ya nyumba yake, kisha akanitazama tena.

"Ni yeye alikuwa anakandika?"

"Umejuaje?"

"Hiyo ukuta ya kitanda inakula misumari. Nilitaka kutundika kalenda, nikagonga msumari, ikaingia yote ikapotea. Nikatafuta refu, nayo ikapotea. Zile kuta zingine ukigonga kidogo umepata fito. Nikauliza majirani, hii nyumba iko na nini? Wakaniambia kulikuwa na mama hapa alikuwa anapaka matope kila Krismasi kama amelogwa." Akacheka, kisha akaacha. "Ingia, nyathina. Toa viatu, nimedeki."

Neno hilo ni la Kiluo, maana yake mwanangu, na ilikuwa muda mrefu tangu mtu aniite hivyo kwa lugha yoyote. Nikavua viatu.

Alipanda kitandani, akapiga magoti, akaibana pete kwenye pembe kwa kidole gumba. Mimi nikaenda pembe ya mkabala, karibu na mlango, palipokuwa na jiko letu. Tepu ikapita katikati ya chumba, juu ya shuka zake. "Soma!" akasema. Nikasoma. Akairudia namba. Tukafanya mshazari wa pili, kisha kuta, kisha dirisha dogo ambalo mama alikuwa akiliziba kwa karatasi ya nailoni wakati wa baridi. Nikachuchumaa, nikatoa vipimo vya ndani kwenye vipimo vya nje nipate unene wa kuta. Kuta tatu zilikuwa nyembamba, sawa na za ploti nzima. Ukuta wa kitandani ulikuwa umezidi mara mbili ya zile nyingine. Nikajua nimekosea. Tukapima tena. Jibu likawa lile lile.

Hakukuwa na kosa. Zilikuwa Desemba zote zile, tabaka juu ya tabaka, kiganja juu ya kiganja. Kila mwaka mama alikuwa akikipunguza chumba chetu kidogo, na sisi tukakiona kipya. Nilikuwa nimesoma kuhusu majengo yanayoonyesha umri wake kwa matabaka ya lipu na rangi, nilikuwa nimejibu maswali ya mtihani juu yake, na sikuwahi kufikiri kwamba nililala nikiwa nimeegemea mojawapo. Nikaweka kiganja pale ukutani. Machozi yalinitoka bila kuniuliza.

"Shika tepu vizuri, unailegeza," muuza omena akasema kutoka kitandani. "Utalia ukimaliza."

Nilimaliza, kisha nikalia, naye akanikalisha kitandani na kunipa chai nyingine. Nilimweleza kwamba kwenye pembe ya chini ya kila mchoro huandikwa majina ya waliopima, na nikamuuliza lake. Akanitajia, akanisimamia nikiliandika, akataka yote matatu yawepo, la ubatizo, la kwao na la baba yake. Akanipa na nambari ya simu.

"Na ukimaliza uniletee yangu. Ikue kubwa. Nitaiweka hapa," akasema, akiupigapiga ukuta. "Na gundi. Si na msumari."

Nilichora kule Kawangware, dirisha wazi, mashine ya kukata vyuma ikilia dukani chini. Katika michoro ya kazi yetu, ukuta huonyeshwa kana kwamba umekatwa, na unene wake hujazwa wino mweusi. Nilizijaza zile kuta tatu haraka. Ule wa nne niliujaza taratibu, na katika siku nilizokuwa nikiuchora sikuifungua redio.

Msimamizi wangu aliutazama mchoro akiwa ameuinamia. Akaweka kidole kwenye ule ukuta mnene.

"Hapa umekosea?"

"Hapana. Tulipima mara mbili."

"Wewe na nani?" Akasoma kule pembeni. "Huyu si mwanafunzi wetu."

"Ndiye aliyeshika upande wa pili," nikasema. Kisha nikamweleza nyumba ilikuwa ya nani. Alivaa miwani, akautazama tena kwa muda mrefu, na hakusema neno kiambatisho, ingawa ndipo ulipobaki.

Nilitengeneza nakala kubwa kwenye duka la kuchapisha, karatasi nzito, nikaiweka ndani ya bomba la plastiki isipate mikunjo. Nilipompigia muuza omena simu nikaambiwa mteja hapatikani. Nikaenda. Nilipofika chini ya Toi nilidhani nimepotea, kwa sababu nilikuwa nayaona maghorofa ya Soweto East wazi kabisa, na zamani usingeweza kuyaona ukiwa pale. Kati yangu na maghorofa hakukuwa na kitu tena ila udongo wa murami wa barabara mpya, uliosawazishwa. Nilijaribu kukisia chumba kilipokuwa, nikashindwa. Vipimo vyote nilikuwa navyo kwapani, lakini pa kuanzia kuhesabu hapakuwepo.

Mahali alipokuwa akiuzia omena nilimkuta mtu mwingine anauza vifuniko vya simu.

"Huyo mama alihama," akaniambia. "Nasikia alienda Kawangware."

"Kawangware wapi?"

"Kawangware tu."

Basi nikarudi nyumbani, Kawangware tu. Nimeshahitimu sasa, na bado nakaa chumba kile kile juu ya duka. Nikipita sokoni nawatazama wauza omena usoni, mpaka wengine huniuliza nataka nini. Jumamosi nyingine nachukua lile bomba la plastiki na kuingia kwenye ploti nisizozijua, nabisha hodi, nataja majina yake yote matatu. Watu hudhani nimetumwa na kanisa, au na kampuni ya maji. Wananijibu vizuri, hawamjui. Pembeni mwa mchoro kuna majina mawili, na huu ndio mchoro wangu pekee wenye mawili. La kwanza ni langu. La pili ni la mtu ambaye huenda tunaishi mtaa mmoja, na sijui mlango wake.